Kampuni ya kubeti ipo kisiwani, laini zipo Mwanjelwa: tukalalamike wapi?

#1 WakalaMwanjelwa

Wakuu, habari za jioni. Huku Mbeya baridi imeanza kung'ata, wateja wamepungua, nimepata muda wa kuandika.

Nina kibanda cha kutoa na kuweka pesa hapa Mwanjelwa, mwaka wa sita sasa. Mtoto wa dada yangu anaishi kwangu, anaendesha bajaji ya mtu. Wiki iliyopita aliingia ndani saa tano usiku anatetemeka kama mwenye malaria, simu mkononi, salio shilingi 1,860,000. Anacheza kile kindege kinachopaa, namba zinapanda, ukichelewa kubonyeza kinapotea na hela yako. Alianza na elfu ishirini.

Akabonyeza kutoa palepale. "Ombi lako linashughulikiwa." Asubuhi wakataka picha ya kitambulisho, akatuma. Mchana wakataka ajipige picha amekishika, na mimi ndiye niliyempiga, tukatoka nje kufuata mwanga. Jioni wakasema salio limetokana na bonasi, kwa hiyo aizungushe, yaani aichezee tena, mara thelathini ndipo aitoe. Mara thelathini! Siku ya tatu akaunti ikafungwa kwa "shughuli isiyo ya kawaida". Anayejibu ni mtu wa Telegram mwenye picha ya binti wa Kizungu na Kiswahili cha mashine: "Mpendwa mchezaji, sisi tuna uelewa kwa hisia yako."

Nikamwambia lete simu. Nikashuka chini kabisa ya tovuti, kule kwenye maandishi ya sisimizi. Kampuni imesajiliwa Curaçao. Mgogoro wowote utaamuliwa kwa sheria za Curaçao. Mimi nilikuwa najua ni pombe ya bluu ya mahotelini. Kumbe ni kisiwa, kipo Karibi karibu na Venezuela, chini ya ufalme wa Uholanzi.

Ila kilichoniuma kama wakala ni kingine. Kampuni zenye leseni ya hapa unalipia kwa namba ya kampuni, jina lao linatokea. Huyu mtoto kila akiweka hela anapewa namba ya mtu binafsi, na kesho anapewa nyingine. Nimepitia ujumbe wake wa miezi miwili: namba 11, majina 11. Na zaidi ya nusu ni majina ya hukuhuku kwetu, kina Mwa- watupu.

Sasa kampuni ipo wapi? Tukalalamike wapi? Na hawa watu 11 ni akina nani?

#2 MtaniTukuyu

Dada pole. Ila bwana mdogo anashika milioni na laki nane usiku wa saa tano halafu anakuja kukuonyesha badala ya kutoa kwanza? Huyo ni Mndali, siyo bure.

#3 WakalaMwanjelwa

@MtaniTukuyu soma uzi, alibonyeza kutoa kabla hajavua viatu. Na utani wako wa kabila la Wandali peleka Tukuyu, leo sina moyo.

#4 KinyoziIlomba

Mimi nabeti na sioni aibu kusema. Elfu mbili kila Jumamosi, mkeka wa timu tano, ukichanika nanyoa vichwa viwili nafidia. Lakini nabetia kampuni zenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kodi ya ushindi wanakata kabla hela haijanifikia na inaniuma, sikatai.

Mwaka juzi walinichelewesha siku nne. Nikaenda ofisini kwao. Nikakuta mtu, meza, na feni inayopiga kelele. Nikagomba pale mpaka meneja akatoka nyuma akiwa na chapati mkononi. Jioni hela ikaingia. Bwana mdogo wako angegombea wapi? Hao wa visiwani hawana hata feni.

Na vijana wanawafuata kwa sababu mbili tu: bonasi kubwa na kukwepa makato. Mwulize atakwambia.

#5 WakalaMwanjelwa

@KinyoziIlomba nimemwuliza. Jibu lake: "Mama mdogo, kule hawakati kodi." Kweli hawakukata. Wamechukua yote.

#6 WakiliGangilonga

Kamwene kutoka Iringa. Dada, swali lako la "kampuni ipo wapi" limewasumbua waendesha mashtaka wa Marekani miaka karibu thelathini, usione umechelewa kuelewa.

Antigua na Barbuda, nchi ya visiwa kule Karibi, walianza mwaka 1994, wakatunga sheria ya kuruhusu kampuni za kamari za mtandaoni zisajiliwe kwao. Jay Cohen, kijana aliyekuwa akiuza hisa San Francisco, akaacha kazi, akahamia Antigua na wenzake, wakapata leseni, wakaanza kupokea mikeka ya Wamarekani kwa simu na intaneti. Mwaka 1998 akashtakiwa kwao kwa sheria ya mwaka 1961 inayokataza kupokea kamari kwa waya. Wenzake wakabaki kisiwani. Yeye akapanda ndege akarudi, anaamini kabisa kwamba mahakama ikiona leseni yake ya Antigua itamwelewa. Haikumwelewa. Mwaka 2000 akahukumiwa jela miezi 21, na kifungo akakitumikia Nevada, jimbo la Las Vegas, ambako kamari ni halali kama nyanya sokoni.

Baada ya hapo waliobaki wakajifunza: usirudi. Hata kupita usipite. David Carruthers, Mwingereza aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa BetonSports, hakujifunza. Kampuni iliuza hisa London, ofisi zilikuwa Costa Rica, wateja Marekani. Julai 2006 alikuwa anasafiri kutoka Uingereza kwenda Costa Rica, ndege ikaunganisha Dallas. Akakamatwa uwanjani akisubiri ndege ya pili. Siku chache baadaye kampuni yake mwenyewe ikamfukuza kazi. Alikuja kuhukumiwa miezi 33.

Oktoba mwaka huohuo Rais George W. Bush akasaini sheria iliyowabana wanaopitisha malipo ya kamari za mtandaoni zisizo halali, yaani benki na kampuni za kadi. Kumbukeni hilo neno, malipo, nitalirudia. PartyGaming ya Gibraltar, kampuni iliyoorodheshwa soko la hisa la London, ikajiondoa Marekani, na thamani ya hisa zake ikaanguka zaidi ya nusu kwa siku moja tu. Wenye hisa zinazouzwa hadharani wakaondoka. Wasio na hisa sokoni, wale wa mifukoni, wengi wakabaki na kuchukua wateja walioachwa.

Mmoja wa waliobaki ni Full Tilt Poker, tovuti ya kamari ya karata, na hapa ndipo mtoto wako anapoingia. Leseni yake ilikuwa ya Alderney, kisiwa cha watu elfu mbili hivi pale kati ya Uingereza na Ufaransa. Tarehe 15 Aprili 2011 Marekani ikafungia tovuti zao na za wenzao wawili. Wachezaji wakakimbilia kutoa salio. Hakuna hela. Kwa hesabu za waendesha mashtaka, mwisho wa Machi mwaka ule kampuni ilidaiwa na wachezaji dola milioni 390 hivi duniani kote, na benki ilikuwa na kama milioni 60. Fedha za wachezaji zilikuwa zimegawanywa kwa wakubwa wa kampuni. Wachezaji wa Marekani walianza kurudishiwa mwaka 2014, na ni kwa sababu mshindani wao, PokerStars, alikubali kuilipa serikali ya Marekani mamilioni ya dola na kuchukua mali za Full Tilt. Leseni ya kisiwa haikuwapa hata senti.

Sasa rudi kwenye neno malipo. Seva unaweza kuiweka popote, hata mwezini. Mkurugenzi anaweza kukaa kisiwani asipande ndege maisha yake yote. Lakini elfu ishirini ya mwendesha bajaji wa Mwanjelwa lazima ipite mahali fulani hapa nchini kwanza. Kampuni isiyo na leseni ya hapa haipati namba ya kampuni kirahisi. Kwa hiyo inatafuta watu 11.

#7 MtaniTukuyu

Nimesoma yote, chai imepoa. Kwa hiyo yule Cohen alijipeleka mwenyewe? Huyo naye Mndali.

#8 MhasibuVwawa

Naona kila mtu anavisema visiwa kama pango la wezi. Niseme upande wa pili, mkinichoka mniambie.

Antigua haikuwa inaficha kitu. Utalii ulikuwa umeyumba, vimbunga vimewapiga, wakaona hii ni kazi ya ofisini isiyohitaji ufukwe. Marekani ilipowabana, wakaenda kuishtaki kwenye Shirika la Biashara Duniani mwaka 2003. Nchi ambayo watu wake wote hawajazi hata jiji la Mbeya! Wakashinda. Hoja yao ilikuwa kwamba Marekani inaruhusu watu wake kubetia farasi kwa mtandao ndani ya nchi halafu inamkatalia wa nje. Antigua wakaomba fidia ya dola bilioni 3.4 kwa mwaka, mwaka 2007 wakapewa haki ya milioni 21, tena si taslimu, ni ruhusa ya kutojali hakimiliki za Wamarekani kwa thamani hiyo. Mpaka leo ni kama deni la mlevi.

Pia serikali zikikaza bila akili zinazalisha kinachokimbiwa. Kenya Julai 2019 walikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, Safaricom ikaagizwa kuzifungia namba za malipo, na kodi kwenye kila dau ikapitishwa kuwa asilimia 20. Septemba SportPesa ikatangaza kusitisha shughuli Kenya. Je, Wakenya waliacha kubeti? Mtu aliyezoea haachi, anatafuta mlango mwingine, na mlango mwingine ndio huo usio na feni.

#9 WakiliGangilonga

@MhasibuVwawa la Antigua nakubali, nilitaka kulisema likanipita. La Kenya nakubali nusu. Kufunga bila kuangalia hela inahamia wapi ni sawa na kufukuza nzi kwa mkono mmoja. Lakini hata kuwaachia wafanye watakavyo kuna mwisho wake. Kamboja waliwakaribisha wenye kamari mpaka mji wa Sihanoukville ukageuka wote makasino, Agosti 2019 wakatangaza kupiga marufuku zile za mtandaoni. Ufilipino nao waliwapa leseni waendeshaji waliolenga wateja wa nje, hasa Wachina, mpaka Julai 2024 Rais Marcos akasimama bungeni na kusema basi, ifikapo mwisho wa mwaka ziwe zimefungwa, kwa sababu nyuma ya leseni kulijaa utapeli, utekaji na watu waliofungiwa ndani kufanyishwa kazi. Mwenyeji naye hujuta.

#10 ChuoIkuti

Nasoma kompyuta hapa chuoni, niongeze la kiufundi.

Mama, angalia anwani ya hiyo tovuti. Nina hakika ina tarakimu nyuma ya jina, mfano 47 au 112. Hizo ni nakala. Ikifungiwa moja wanafungua nyingine asubuhi yake, na akaunti yako inakuwa ilivyo. Programu yao haipatikani kwenye duka la kawaida la simu, unatumiwa faili kwenye WhatsApp na "balozi" wao, ambaye naye anakula asilimia ya kila unachopoteza. Hilo wengi hawalijui. Rafiki anayekupa msimbo (code) wa bonasi anafaidika ukiliwa, siyo ukishinda.

Kuhusu Curaçao: tangu miaka ya tisini walitoa leseni kuu nne tu kwa kampuni binafsi, na kila mwenye leseni kuu akawa anabeba wengine mgongoni, kama daladala moja yenye makondakta mia. Ukilalamika unaelekezwa kwa aliyebeba, siyo kwa serikali. Desemba 2024 wameanza sheria mpya, kila mmoja aombe leseni yake mwenyewe serikalini. Sasa ona: tovuti nyingi ndogo zinabandika leseni ya Anjouan. Mnajua Anjouan ni wapi?

#11 KinyoziIlomba

Wapi tena?

#12 ChuoIkuti

Nzwani. Visiwa vya Komoro hapo jirani.

#13 MtaniTukuyu

Hee! Tulikuwa tunatafuta Karibi kumbe ni kwa shemeji zetu. Dada, hapo unapanda boti Dar ukamdai.

#14 WakalaMwanjelwa

@ChuoIkuti mwanangu, umenitisha. Ina 86 mwishoni. Na aliyemtumia faili ni dereva mwenzake wa pale kituoni, anakaa naye benchi moja, wanakula wote ugali.

#15 MzeeUyole

Nimevuna viazi magunia arobaini, mtoto wangu ametumwa kuuza sita, amerudi na maelezo. Sina la kuchangia, nimesoma tu nikajua maelezo yale yanatoka wapi.

#16 MpakaniTunduma

Wakuu, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi ni mmoja wa hao 11. Labda siyo wa kwake, ila kazi ni hiyo.

Nilikuwa nabadilisha hela mpakani, kwacha na shilingi. Mwaka jana biashara ikalala. Jamaa mmoja akaniambia ana kazi ya simu, sitoki hata kitandani. Nikasajili laini mpya kwa kitambulisho changu na kidole changu, nikamkabidhi pamoja na namba ya siri. Kila mwisho wa mwezi elfu arobaini inaingia kwenye laini yangu ya kawaida. Sikuuliza inafanya nini. Nadanganya, nilijua, ila nilijiambia sijui.

Mwezi wa tatu nikapigiwa na mama analia, anasema mimi nimemla mwanawe laki saba. Kapata wapi namba yangu sijui, ila jina langu lilikuwa kwenye ujumbe wake, majina matatu yote. Nikamwambia mama siyo mimi, ni kampuni. Akaniuliza kampuni gani. Nikashindwa kuitaja. Jina nilikuwa silijui, wallahi.

Baadaye ile laini ikafungwa, na ya kwangu ikafungwa pamoja nayo ikiwa na hela ya ada ya mtoto. Nikaitwa kuhojiwa. Jamaa namba yake haipatikani, na aliyekuwa juu yake simjui, na aliyekuwa juu ya huyo sijui hata ni wa nchi gani. Nilikaa kwenye lile benchi saa sita, natafuta jina la kutaja, nina langu tu.

#17 WakiliGangilonga

@MpakaniTunduma asante kwa kusema, na usiandike zaidi ya hapo humu. Tafuta wakili uso kwa uso. Kwa wengine: kwa sheria yetu ya mwaka 2003 kuendesha mchezo wa kubahatisha bila leseni ni kosa. Yule wa kisiwani amelipia wanasheria wamweke mbali na mkono wa kosa hilo. Wewe uliyetoa kidole chako kwa elfu arobaini umejiweka pale alipokuwa amesimama yeye. Carruthers angalau alikamatwa akiwa na mshahara wa mkurugenzi.

#18 KinyoziIlomba

Hii ya benchi imenikaa. Mkuu wa Tunduma, ukija Mbeya pita Ilomba nikunyoe bure.

#19 WakalaMwanjelwa

MREJESHO.

Nilipeleka malalamiko kwa maandishi Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, nikaambatanisha ujumbe wote na zile namba 11. Kuhusu milioni na laki nane, nimemwambia mtoto aisahau. Bajaji anaendesha, yule mwenzake wa benchi hawasemeshani.

Lakini nililokuja kusema ni la juzi.

Alikuja bibi mmoja kutoka Uyole, anauza maparachichi, namfahamu kwa sura. Amevaa kitenge na koti la mvua la mtoto wake, simu ya kitochi amefungia kwenye leso. Ametumiwa elfu thelathini na tano na binti yake wa Makambako, anataka kutoa. Namsaidia kubonyeza, ujumbe unaingia kwangu, nasoma jina kuhakikisha kama kawaida. Nikasoma tena. Majina yote matatu. Ni la saba kwenye orodha yangu, lile lililopokea hela za mwanangu mara nne. Namba ni tofauti kabisa, jina ndilo hilo.

Nikamkalisha kwenye kigoda. "Mama, una laini ngapi?" Akanionyesha simu, kama vile swali ni la kijinga. Moja. Nikamwomba kitambulisho chake cha NIDA, nikapiga *106# ile ya kuhakiki laini. Zikaja nne.

Tulichimba taratibu, maana mwanzo aliogopa. Kumbe mwaka jana laini yake ilizingua, akaenda kwa vijana wa mwavuli pale sokoni wamrudishie. Kidole kikawa "hakisomi". Weka tena mama. Hakisomi. Futa jasho, weka tena. Aliweka mara nne au tano, hakumbuki, vidole vyake vimechubuka na jembe kwa hiyo aliona ni kosa lake. Akawapa na maparachichi mawili ya shukrani kwa usumbufu.

Nilimweleza nilivyoweza. Kwamba kuna mchezo, mwenye mchezo yupo kisiwani mbali, na hela za watu zinapita kwa jina lake yeye. Akanyamaza, anakunja leso anaikunjua. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, na mimi nacheza kamari?"

Nikamwambia hapana mama. Akasema ndaga fijo, yaani asante sana, halafu akaniomba nimhesabie tena ile elfu thelathini na tano, noti mojamoja, mezani. Kesho nafunga kibanda asubuhi, nampeleka dukani kwa wenye mtandao wazifute zile tatu, na tukitoka hapo tunapita polisi atoe taarifa.

#20 MtaniTukuyu

Leo sina utani.

#21 ChuoIkuti

Mama, hiyo *106# ni ya mitandao yote, na ni bure. Kila mtu apige kwa namba yake ya NIDA sasa hivi kabla hajaendelea kusoma.

#22 MzeeUyole

Nimepiga. Moja. Namfuata mke wangu shambani naye apige.

#23 KinyoziIlomba

Mbili, zote zangu. Nimewapigisha na wateja watatu waliokuwa kwenye foleni, mmoja ameondoka na nusu kichwa anakimbilia kwa wakala.

#24 MpakaniTunduma

Nimepiga. Nilitegemea mbili, ya kwangu na ile niliyokodisha, na zote nilijua zimefungwa.

Zipo tano.